Kila Mtu Atoe Chake

Serikali ilipoanza kubana matumizi, kaka yangu alikuwa mmoja wa watu waliokaa kwenye kamati za kutafuta cha kukata. Mimi nilikuwa miongoni mwa vilivyokatwa. Mama yetu hatukumweka upande wowote, kwa sababu mtu wa umri wake tulimwona hayumo katika mambo hayo.

Tulikuwa tunakaa Amerat, hapa Oman, nyuma ya milima, mimi na Mama na msaidizi wa nyumbani, mwanamke wa Tanga aliyekuwa nasi kwa miaka. Nyumba niliijenga mwenyewe baada ya kuachika. Kaka anakaa mjini, upande wa bahari, lakini kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akipanda mlima na mkewe na mwanawe kuja kula kwa Mama. Nje ya siku hiyo tulimwona mara chache, na Mama hakuwahi kulalamika. Alisema mwanawe ana kazi za watu wakubwa.

Mimi nilikuwa mfasiri katika wizara moja. Kazi yangu ilikuwa kuyatia maneno ya Kiarabu katika Kiingereza, na mwaka ule karatasi zote zilizofika mezani kwangu zilikuwa na khabari moja: mafuta yameshuka bei, matumizi yamezidi mapato, lazima kupunguza. Mkuu wetu wa idara alitukataza neno *taqashuf*, ambalo maana yake ni kujinyima na kuishi kwa dhiki. Alitaka tuandike *tarshid*, yaani kuyaongoza matumizi kwa busara.

“Watu wasitishike,” alisema.

Basi nikaandika *tarshid* mpaka vidole vikazoea. Petroli ilipopanda ilikuwa *tarshid*. Posho zetu zilipokatwa ilikuwa *tarshid*. Ruzuku ya umeme ilipoanza kupunguzwa niliitafsiri mwenyewe, kisha nikarudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba bili zitakuwa kubwa, akaniuliza, “Kwa kila mtu?” Nikamwambia kwa kila mtu. Akasema, “Basi hakuna neno.”

Ijumaa moja tulikuwa tumekaa chini kula, wali na mchuzi wa papa na kachumbari, na kaka akaanza mchezo wake. Alikuwa amechangamka siku hiyo. Wiki nzima alikuwa mikutanoni.

“Tufanye hivi,” alisema. “Kila mmoja aseme, atakubali kukosa nini ili nakisi ya bajeti ipungue? Kwa khiari, si kwa kulazimishwa.”

Wifi yangu akasema yuko tayari kuacha safari ya Uturuki mwaka huo. Mwanawe, aliyekuwa chuo kikuu, akasema gari lake halibadilishi mpaka amalize masomo. Wakacheka, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa jipya.

“Na wewe?” kaka akaniuliza.

“Mie nishakatwa posho. Nakubali kukosa hiyo hiyo.”

“Hiyo haihesabiki. Nnataka kitu unachokitoa mwenyewe.”

“Sasa nna kitu gani tena, kaka?”

Mama alikuwa akimchambulia mjukuu wake miba ya samaki, mjukuu mwenye ndevu. Bila ya kuinua kichwa aliuliza, “Nakisi ndiyo nini?”

Kaka akamweleza vizuri, kwa upole, kama anavyojua kueleza. Alisema ni kama mtu aliyealika watu wengi kula, na mchele alioununua hautoshi, ikabidi akakope kwa jirani, na kesho akakope tena.

“Basi si wale kidogo kidogo,” Mama alisema.

“Hayo ndiyo tunayowaambia watu. Kila mtu atoe chake.”

“Na wewe unatoa nini?”

“Mimi natoa usingizi wangu, Mama. Silali.”

Mama akamtazama kwa huruma. Aliamini, na mimi pia niliamini, maana macho ya kaka yalikuwa mekundu kweli. Kisha chai ikaja na mazungumzo yakageuka. Mama mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Ningependa kueleza kidogo kuhusu yeye, ili ifahamike kilichofuata. Mama alikuja Oman na watoto wawili na mume mgonjwa, kutoka Unguja, baada ya mashaka ambayo hakuyasimulia hata alipoombwa. Walipofika hapa walipewa pa kulala. Baba alitibiwa bure, na alipopona akapata kazi bandarini. Sisi tukatiwa skuli tukiwa hatujui hata kuomba maji kwa Kiarabu. Mama hakuyasahau hayo. Wenzake walipolalamika, kwamba sisi tuliotoka Afrika tunatazamwa hivi na vile, na kweli tulikuwa tukitazamwa, yeye alisema, “Tulikuja mikono mitupu. Walitupa maji kabla ya kutuuliza jina.” Kwake yeye serikali haikuwa ofisi. Ilikuwa mtu aliyemfungulia mlango.

Mimi nilikuwa nimelelewa na shukrani hiyo na nimechoka nayo. Kaka aliifanya kuwa kazi yake.

Amri ya kustaafisha watumishi wa muda mrefu ilipotoka, nilijua na mimi nimo. Ilisemwa ni kwa ajili ya kuwapisha vijana. Ujumbe ulinifikia kwenye simu nikiwa kazini, nikausoma mara moja, nikamaliza kutafsiri ukurasa niliokuwa nao, kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Wiki za mwisho tulikuwa wengi tukipishana kwenye ukumbi na maboksi mikononi, watu wenye mvi, tunasalimiana kama tuko msibani. Nilipewa ngao ya kioo yenye maneno ya shukrani. Binti niliyekuwa nikimfundisha kazi, ambaye niliambiwa ndiye ninayempisha, hakupewa nafasi yangu. Nafasi yenyewe ilifutwa. Siku hizi anapokea simu za wateja katika benki moja, na kila Idi hunitumia salamu.

Kaka alikuja jioni ile ile na sanduku la halwa.

“Usijione umetupwa,” alinambia. “Tazama kwa ukubwa wake. Nchi inapumua.”

“Na mie?”

“Wewe utapumzika. Utakaa na Mama.”

Lakini pensheni ilikuwa ndogo kuliko mshahara na benki ilikuwa bado inanidai nyumba, kwa hivyo sikuweza kukaa. Nilipata kazi Hamriya, mtaa wa mjini, katika duka dogo la kupiga chapa na kutafsiri, kati ya kinyozi na muuza simu. Pale nilitafsiri mikataba ya kazi za nyumbani kwa wanawake wanaotoka Tanzania na Uganda, na barua za watu waliotaka kuongezewa muda wa visa. Mwenye duka alikuwa mtu mwema. Aliniita “ustadha”, yaani mwalimu, na kuniwekea kiti chenye mgongo.

Mwezi uliofuata kaka akasema msaidizi wetu arudi kwao. Yeye ndiye aliyekuwa akimlipa mshahara, kama sehemu yake ya kumtunza Mama, na sasa alisema na yeye amebanwa, na kwamba nyumba ya watu wawili haihitaji mtumishi.

“Mama ataachwa na nani nikienda kazini?”

“Mama ana akili zake timamu na miguu yake. Na majirani wapo.”

Nilibishana naye kwenye simu, nikashindwa, kwa sababu mimi sikuwa na uwezo wa kuulipa mshahara ule. Siku ya kumpeleka uwanja wa ndege, yule dada aliitazama njia mpaka tulipouvuka mlima. Kisha akasema, bila ya hasira, “Ile siku kaka yako aliuliza kila mtu atatoa nini, mimi nilikuwa jikoni nikasikia. Basi na mimi nimechangia. Utamwambia.”

Nilimwambia nitamwambia. Pale uwanjani alinishika mkono akaniomba nimwangalie sana Bibi, kama alivyomwita Mama, kwa sababu siku hizi hanywi maji mpaka aletewe. Nilimbeba begi lake dogo mpaka mlangoni, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumuomba radhi kwa jambo ambalo sikuliamua mimi.

Kiangazi kikaingia. Asiyewahi kukaa Amerat kiangazi hawezi kujua. Milima imetuzunguka kama ukuta wa tanuri, na mawe yake yanalinywa jua mchana kutwa na kulitema mpaka alfajiri. Maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto. Nyumba bila ya kiyoyozi haikaliki, na wazee ndio wa mwanzo kuelemewa.

Kila asubuhi nilimwachia Mama chakula mezani, chupa za maji karibu na kitanda, simu mkononi, na kiyoyozi kikivuma. Nilikuwa nikimpigia adhuhuri, naye alipokea kila siku, sauti yake ya kawaida, akiniuliza nimekula nini. Nikirudi alasiri nilimkuta amekoga, amevaa kanga safi, chumba kina baridi, amekaa na redio yake. Niliona amepungua mwili. Niliona pia kwamba shuka zake zilikuwa na maji maji, nikadhani ni utu uzima, nikazibadilisha bila ya kumuaibisha. Bili ya umeme ilikuja ndogo kuliko niliyoiogopa. Nikamshukuru Mungu.

Siku moja mwenye duka alifunga mapema kwa sababu alikuwa na maziko ya jamaa yake. Nilifika nyumbani jua likiwa utosini. Nilipofungua mlango wa mbele nilipigwa na joto la ndani, zito kuliko la nje. Niliita. Chumbani kwa Mama kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa. Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, kanga imemganda mwilini, uso mwekundu na mkavu kama karatasi. Chupa za maji hazikuguswa. Nilimwita, akafungua macho na kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa Unguja.

Jirani yangu, mwanamke wa Kiomani wa bara ya huku huku Oman, alinisaidia kumtia garini, yeye akishika miguu na mimi mabega. Alimmiminia maji kichwani njia nzima huku akisoma dua alizozijua. Hospitali walimchukua mbio.

Daktari alikuwa kijana. Alituuliza, mimi na kaka aliyekuwa ameshafika, “Alikuwa na nani nyumbani?”

Kaka akanitazama mimi. Mpaka leo naikumbuka shingo yake ilivyogeuka.

“Alikuwa peke yake,” nilisema. “Kwa sababu aliyekuwa akikaa naye tulimrudisha kwao.”

Mama hakufa siku ile. Alikaa hospitali muda mrefu, figo zikaharibika, na mdomo wake ukapinda kidogo upande wa kushoto. Alipoweza kusema maneno yakaeleweka, nilimuuliza kwa upole kama kiyoyozi kiliharibika.

“N'likizima mie.”

“Kwa nini, Mama?”

“Ukitoka tu nakizima. Karibu ya kurudi wewe nakiwasha.” Akapumzika. “Kaka yako kasema kila mtu atoe chake. Mie nna nini? Sina kazi, sina posho, gari sina. Nna baridi tu.”

Nilimpangusa mdomo.

“Na wewe bili imekushukia,” alisema. “N'liona uso wako ule mwezi. Ulifurahi.”

Nilimweleza kaka maneno hayo pale pale kwenye ukumbi wa hospitali, neno kwa neno. Alikaa kwenye kiti, akauficha uso, akalia kama mtoto. Nilimwonea huruma. Nilidhani ameelewa nilichoelewa mimi, na kwamba tangu siku ile kuna mambo hatayasema tena mbele ya watu.

Ilipita miezi kidogo. Hali ya hewa ilishapoa na mimi nilishaacha kazi ya Hamriya, kwa sababu Mama alihitaji kupelekwa kusafishwa damu na hakuna mwengine wa kumpeleka. Siku hiyo wifi yangu alituma video kwenye kundi la familia la simu. Kaka alikuwa amesimama jukwaani katika ukumbi mkubwa, kilemba kimefungwa vizuri, anazungumza na vijana kuhusu wajibu wa raia. Alizungumza Kiarabu kizuri. Na katikati akasema hivi: kwamba yeye ana mama mzee asiyejua kusoma, na mama huyo siku moja alizima kiyoyozi chake mwenyewe katikati ya kiangazi. Alipoulizwa akasema nchi ilimpokea na sasa ni zamu yake kutoa. Hakulazimishwa na mtu. Kama bibi kizee ameweza, kaka akauliza, sisi wenye nguvu tunashindwa nini?

Ukumbi ukapiga makofi. Wengine walisimama. Video ikaishia hapo. Chini yake jamaa zetu walikuwa wameshajaza mashaallah na vimoyo vyekundu.

Nilichukua gari nikashuka mjini. Nilimkuta sebuleni kwake na mkewe. Nyumba yao ilikuwa baridi kwa kiyoyozi, na wifi alikuwa amejitanda shali.

“Kwa nini hukuwaambia alianguka?” nilimuuliza.

Alijua nilichokuja kuuliza. “Kaa kwanza.”

“Kwa nini hukuwaambia?”

“Watu wanahitaji mfano, dada yangu. Wamechoka, wana hasira. Na mie sikusema uongo hata neno moja.”

“Umesema mpaka ulipopata makofi, ukanyamaza.”

Wifi akainuka kwenda kutia chai. Kaka akavua kofia yake akaishika mapajani. Alikuwa amezeeka, nililiona hilo.

“Unadhani napenda?” alisema. “Kila siku naingia pale nakuta orodha, na kila kinachokatwa kina watu. Nitalala vipi nisipoamini kwamba kuna watu wanatoa kwa moyo? Mama alitoa kwa moyo. Niachie hilo.”

“Mama alitoa kwa sababu ulimwambia wewe, mbele ya sahani ya wali.”

“Sikumwambia yeye.”

“Ndiyo. Wala hukumuona.”

Chai ikaja, sikuinywa. Njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua kwamba Mama hataiona video ile kamwe.

Nilimkuta ameegemea mito, na jirani yangu yuko kando yake na simu. Alikuwa ameshamwonyesha, kwa nia njema kabisa, na alikuwa anamwonyesha tena. Mama aliponiona akatabasamu kwa upande wake mzima wa mdomo.

“Umemsikia kaka yako?” aliniuliza. “Kanitaja mbele ya wakubwa wote wale.”

“Nimemsikia, Mama.”

“Wamesimama. Umeona? Wengine wamesimama.”

“Nimeona.”

Jirani alikuwa anapangusa machozi. Mama akaomba ioneshwe mara nyengine, akaitazama mpaka mwisho huku midomo yake ikifuata maneno ya mwanawe. Sijapata kumwona na fakhari ya namna ile, si siku ya harusi zetu, si siku kaka alipopewa cheo. Nikaenda jikoni nikasimama na mikono yangu ndani ya maji ya kuoshea vyombo. Hasira yangu ilikuwa mali yangu ya mwisho, na hata hiyo sikuweza kuitoa mbele yake.

Alifariki mwishoni mwa msimu wa baridi, asubuhi, mimi nikimsuka nywele. Msiba ulikuwa mkubwa kuliko tulivyotarajia. Walikuja watu tusiowajua, wanawake waliotumwa na waume zao wa maofisini, kwa sababu kisa chake kilikuwa kimeenea. Nilikuwa nikizunguka na birika la kahawa na kila pembe naisikia: huyu ndiye mama aliyezima kiyoyozi kwa ajili ya nchi. Mke wa mkubwa mmoja wa kaka, mwanamke mpole mwenye miwani, akanishika mkono na kuniuliza kwa Kiarabu kama ni kweli.

“Ni kweli alizima,” nilimwambia. “Alikuwa peke yake, akaanguka. Nilimkuta sakafuni. Figo zake zilikufa siku ile, na ndizo zilizomuua.”

Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini waliokaa karibu waligeuka. Yule mwanamke akaweka kikombe chini. Akasema Mungu amrehemu, na mimi nikasema amin, nikaendelea kumimina. Kaka aliambiwa kabla ya siku kwisha. Alikuja mpaka mlango wa upande wa wanawake, akanitazama, akaondoka.

Ijumaa zetu zikafa bila ya mtu kuzifuta. Bei ya mafuta ilipanda tena duniani, na siku moja kaka aliandika kwenye kundi la familia kwamba hesabu za nchi zimekaa sawa. Nakisi imekwisha, safari hii kuna ziada, alhamdulillahi, na shukrani kwa kila aliyevumilia. Majibu yakamiminika, bendera na maua. Mpwa wangu aliandika kwamba sasa anaweza kufikiria gari jengine.

Nikajitoa kwenye lile kundi. Hazikupita dakika nyingi kaka akanirudisha, kisha akanitumia ujumbe peke yangu: nadhani umebonyeza kwa bahati mbaya. Nikajitoa tena.